Mkwe Kwenye Bango

Bango lilifika limekunjwa kama mkeka, limefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda, na lilipoanza kukunjuliwa uani lilianzia chini. Yalitoka maandishi kwanza: tarehe, jina la kijiji, neno KUMBUKIZI kwa herufi nyekundu zilizonona. Kisha likatoka koti la suti. Kisha tai. Lilipofika kwenye fundo la tai, Tusajigwe, mwanamke aliyevuka sitini, ambaye nyonga yake ilikuwa haimruhusu safari ndefu kuliko ya kanisani, aliutupa ungo aliokuwa akipetea, mchele ukatawanyika kama vifaranga walioona mwewe, akakimbia. Si kwamba alitembea haraka, alikimbia. Alipita migombani, akaruka mfereji ambao mwaka mzima alikuwa akiuzunguka, akatokomea kwenye kokoa.

Mwalimu Restituta, aliyekuwa ameshika ncha moja ya bango, alibaki mdomo wazi. Alikuwa mwalimu wa Fasihi, mzaliwa wa Bukoba aliyehamishiwa Kyela, na kwa kuwa hakuwa na ndugu wa kumchosha mwisho wa wiki, alikuwa ameunda kamati ya watu wachache wenye mapenzi ya kuwakumbuka wasanii wa upande huu wa ziwa, kila mmoja katika tarehe aliyofariki. Mwaka juzi walimkumbuka bibi mfinyanzi wa Lyulilo. Mwaka jana, bwana aliyezunguka vijijini na jenereta akionyesha filamu kwenye shuka. Mwaka huu ilikuwa zamu ya Ambilikile, mpiga gitaa wa Ikolo, aliyetimiza miaka kumi kaburini. Kanda zake zilikuwa zimeliwa na unyevu, wenzake wengi wamemfuata. Aliyebaki na nyimbo zote kichwani ni Tusajigwe, mkazamwana wake, na yeye ndiye aliyekuwa amekubali kuimba Jumamosi.

"Amepatwa na nini?" aliuliza Restituta.

Raphaeli, mume wa Tusajigwe na mwana wa marehemu, aliendelea kulikagua bango kwa jicho la mtu aliyefika mnadani kununua mbuzi.

"Amemwona mkwe wake."

"Sasa ndiyo akimbie?"

"Hajawahi kumwona."

"Baba, si mliishi naye ua mmoja? Miaka mingapi?"

"Mingi," alisema Raphaeli. "Ndiyo maana hajawahi kumwona."

Wanyakyusa huiita kutila, na mgeni akielezwa harakaharaka hudhani ni uadui. Mkazamwana hamtazami baba mkwe wake, haketi naye chumba kimoja, halitamki jina lake. Akimwona njiani huchepuka. Na mkwe naye, kama ana adabu, hukohoa kabla ya kukata kona ili asimfumanie. Mabinti wa siku hizi wameipunguza: wanasalimiana na wakwe zao, wanatumiana ujumbe, wengine wanapiga nao picha za Krismasi. Lakini Tusajigwe aliolewa enzi ambazo jambo hilo halikuwa na punguzo, na yeye alikuwa mtu wa kushika alichokabidhiwa mpaka aambiwe aachie. Wa kumwambia aachie alikuwa mkwe mwenyewe, ambaye hakuruhusiwa kusema naye.

Kwa hiyo alizeeka bila kujua kama mzee yule alikuwa mweusi au maji ya kunde, kama alikuwa na kipara au la. Alijua kikohozi chake. Alijua ndara zake, ya kulia ikiburuta. Zaidi ya yote alijua sauti yake na gitaa lake, kwa sababu kila jioni mzee aliketi barazani, upande wa pili wa ukuta wa mianzi wa jiko, akatunga. Wengine walizisikia nyimbo za Ambilikile zikiwa zimekwisha kuoga na kuvaa, kwenye harusi na ngoma za mavuno, huko ambako Tusajigwe asingeweza kwenda kwa kuwa mkwe alikuwa amesimama mbele. Yeye alizisikia zikiwa bado na tongotongo. Siku ya mazishi alilia akiwa ameupa umati kisogo, paji la uso kwenye ukuta wa ghala, mabega yakimtetema. Waombolezaji waliotoka mbali walidhani anacheka.

Restituta alimkuta ameketi juu ya rundo la maganda ya kokoa, anahema.

"Mama Wema," aliita, maana Wema ndiye mwanawe wa kwanza, "yule mzee alikukosea nini?"

"Nani kakwambia alinikosea?"

"Umekimbia."

"Aliyenikosea simkimbii, mwanangu. Namsubiri."

"Lakini ni picha tu. Ni plastiki."

Tusajigwe alimtazama kwa huruma. "Mwalimu, sema upo bafuni unaoga. Mtu akaleta picha kubwa ya baba yako, akaisimamisha mbele yako. Utafanyaje?"

Restituta alifikiri. "Nitavaa."

"Ndaga fijo," alisema Tusajigwe, yaani asante sana, kwa sauti ya mtu anayempa mwanafunzi alama zake. Kisha alama zile zikaanza kumsuta mwenyewe. Alitazama nyayo zake, zilizokuwa na matope ya mfereji. "Ila usidhani najua kuliko wewe. Mimi mwenyewe sijui nimekimbia nini. Miguu imeamua, nikaona haya kuiacha iende peke yake."

"Jumamosi utaimba?"

"Atakuwepo?"

"Nani?"

Tusajigwe alinyoosha kidevu kuelekea nyumbani, upande wa bango. Restituta, ambaye alikuwa ameihangaikia picha ile kuliko alivyohangaikia posa yake, alirudi uani peke yake.

*

Nyumbani walikuwa tayari wamegawanyika. Shangazi Naomi, dada wa marehemu, mwenye umri ambao hata yeye alikuwa ameacha kuufuatilia, alisema picha ni mtu. "Kama mnabisha, itemeeni mate muone kama watoto wake watawaacha." Mzee wa kanisa Anyosisye, aliyekuwa amepita tu kuazima koleo, alisema kifo hufungua vifungo vyote, hata ndoa huisha kwa kifo, seuze ukwe.

"Basi kama ukwe umekwisha," alisema Naomi, "huyu si mke wetu tena. Tumrudishe kwao?"

Anyosisye aliomba chai.

"Mimi swali langu ni dogo," alisema Raphaeli. "Huyu ni baba?"

Wote wakainua macho. Picha pekee ya marehemu ilikuwa ndogo ya kitambulisho, iliyokaa sandukuni miaka mingi na kuchakaa upande mmoja. Kijana wa duka la kuchapa kule Mbugani alikuwa ameikuza, na palipofutika akapajaza kwa ukarimu. Alimpa suti. Alimpa meno.

"Baba hakuwa na tai," alisema Raphaeli.

"Hakuwa na tai, lakini pua ni yake," alisema Naomi.

"Pua ni yake. Shavu hili silijui."

"Hili la kushoto ni lake. La kulia ni la mtu mwingine."

"Ametabasamu," alisema Anyosisye kwa mashaka, kama aliyegundua kosa la kimafundisho. "Mzee alikuwa akitabasamu lini?"

Tusajigwe aliyasikia yote hayo akiwa jikoni, nyuma ya mianzi, mahali alipozoea kuyasikilizia mambo ya nyumba ile. Walikuwa wakigombana kama mkwe kwenye picha ni mkwe, kabla hawajakubaliana kama aliye kwenye picha ndiye. Na yeye, ambaye jambo lenyewe lilikuwa lake, ndiye pekee kati ya watu wa nyumba ile asiyeweza kutoa ushahidi. Angelitazama bango mchana kutwa na asingejua amemwona nani. Labda angekuwa amevunja adabu ya maisha mazima kwa ajili ya shavu la mtu wa Mbugani.

Mwishowe Naomi ndiye aliyekata shauri. "Mke wetu ataimba nyuma ya bango. Lisimamishwe kwenye miti, uso uelekee watu. Yeye akae huku."

"Shangazi," Restituta alinung'unika, "kumbukizi gani hiyo ambayo mwimbaji haonekani?"

"Na anayekumbukwa je? Unamwona?"

Restituta naye aliomba chai.

*

Hakuna aliyemuuliza Tusajigwe kwa nini alikubali kuimba tangu mwanzo. Walidhani ni mapenzi, au umaarufu, au mwalimu alimbembeleza vizuri. Ukweli ulikuwa wimbo mmoja, wa mwisho, ambao haukuwahi kutoka barazani. Na ili kuueleza wimbo ule angelazimika kueleza habari ya kinu, jambo ambalo hakuwa amemweleza mtu yeyote, hata Raphaeli, hata Mungu kwa maneno ya wazi.

Ilianza bila kukusudia, miaka ile akiwa bado mwali wa nyumba. Alikuwa akitwanga mpunga wa jioni, na nyuma ya ukuta mzee alikuwa amekwama kwenye mstari. Aliuimba hivi, akauimba vile, akarudia hivi, kama mtu anayejaribu kofia mbili bila kioo. Ile ya pili ilioana na mchi. Mikono ya Tusajigwe ikachangamka yenyewe. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akaendelea na ile ya pili, na kesho yake wimbo ulikuwa umeota mizizi papo hapo.

Hakulitilia maanani. Lakini likatokea tena, na tena. Siku moja aliamua kumjaribu: mstari ulipokuja asioupenda, aliushikilia mchi hewani. Kimya. Mzee akakohoa, akaupindua mstari. Tusajigwe akauteremsha mchi. Tangu siku hiyo, kwa miaka ambayo watoto walizaliwa wakakua wakaenda zao, hakuna wimbo wa Ambilikile uliotoka uani bila kupita kinuni.

Au ndivyo alivyoamini. Siku nyingine aliamini kinyume. Mzee alikuwa mtu wa kubadili mistari, na yeye mtu wa kutwanga. Mvua nayo hunyesha jogoo akiwika, lakini hakuna anayemshukuru jogoo. Na hata alipotamani iwe kweli, aliogopa iwe kweli. Kwa maana kama kinu kilikuwa kikisema na mzee alikuwa akisikia, basi alizungumza na mkwe wake kila jioni ya Mungu, na ile heshima aliyosifiwa ukweni, iliyotolewa mfano kwa mabibi harusi wapya, ilikuwa moshi mtupu. Na kama haikuwa kweli, basi maisha yake yote alikuwa akiongea na ukuta. Hakujua lipi kati ya mawili hayo lilimuumiza zaidi. Akawa anayabadilisha, leo hili kesho lile, kama mtu mwenye viatu viwili vyote vinavyobana.

Kisha mashine ya kukoboa ikafika kijijini. Kila mtu alishangilia, na Tusajigwe kwa nyonga yake alishangilia kuliko wote. Kinu kikapinduliwa, kuku wakakifanya kiti.

Ndipo mzee alipoanza ule wimbo wa mwisho. Aliutunga kwa Kiswahili, ili hata wa ng'ambo ya ziwa waelewe, na kama nyimbo zake zote ulikuwa wa kuitikia: yeye anatoa mstari, watu wanaurudisha. Ulikwenda vizuri mpaka karibu na mwisho. Pale akakwama. Jioni moja aliimba:

Niliimba peke yangu, maisha yangu yote.

Akanyamaza. Kisha akaimba:

Sikuimba peke yangu, hata siku moja.

Akanyamaza tena. Kesho yake vivyo hivyo, na kesho kutwa. Mstari huu, kimya. Mstari ule, kimya. Tusajigwe aliketi jikoni mikono mapajani, moyo ukimdunda kuliko mchi wowote. Angeweza kugonga sufuria kwa mwiko. Angeweza kugonga hata ukuta. Lakini kugonga kwa ajili gani? Zamani kulikuwa na mpunga kinuni. Mtu aliyepita angesema mke wa Raphaeli anatwanga. Bila mpunga ingekuwa ni kusema. Na mkazamwana hasemi.

Basi hakugonga. Ugonjwa ukamlaza mzee kabla ya mavuno, na wimbo ukaenda naye ukiwa na vichwa viwili. Miaka kumi Tusajigwe alikuwa ameutembeza, na sasa, mwalimu alipoomba nyimbo zote, alikuwa ameahidi kuuimba na huo mbele ya watu. Angelazimika kuchagua. Akichagua wa kwanza, amejifuta. Akichagua wa pili, amejiandika mwenyewe kwenye wimbo wa mtu asiyeweza kukana.

*

Jumamosi asubuhi alifika Hezroni kutoka Lyulilo, ngoma yake imeviringishwa blanketi kama mtoto mwenye homa. Alikuwa Mkisi, wa kabila la kandokando ya ziwa, rika la Raphaeli. Alijiunga na kundi la Ambilikile akiwa kijana asiye na ndevu, na sasa alikuwa nazo nyeupe.

"Ugonile, shemeji!" alisalimia. "Nimesikia mbio zako zimefika mpaka Matema. Watu wanataka kukusajili timu ya wilaya."

"Keti ule, acha maneno. Ngoma yako bado inalia au inakoroma?"

"Inategemea anayeimba. Akiimba kama bata, inakoroma."

Walicheka, wakajaribu nyimbo mbili tatu hapo jikoni. Penye jina la mtunzi, ambalo marehemu alilipachika mwisho wa kila wimbo kama mhuri, Tusajigwe alifumba midomo akaguna tu; walikwisha kupatana kwamba wanafunzi wa mwalimu ndio watakaolitamka. Hezroni alipokuwa anakaza kamba, Tusajigwe aliona hatapata nafasi nyingine. Aliukoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa.

"Shemeji. Mzee alikuwa akisema lolote kuhusu nyumbani? Alipokuwa akitunga?"

Hezroni akaangua kicheko. "Kinu!"

Mwiko ukasimama.

"Alikilalamikia huyo! 'Hezroni, kwangu kuna mtu anatwanga kama anaua nyoka. Siwezi kutunga mstari mrefu. Nikiweka maneno mengi yanapondwapondwa.'"

"Alisema nyoka?"

"Nyoka. Siku akiwa na hasira, fisi."

Tusajigwe aliwapokea wanyama wale wote bila kupepesa. "Kwa hiyo alikuwa anakikwepa."

"Alikikwepa mpaka ikawa ndiyo staili yake. Yale mapigo mafupimafupi unadhani yalitoka wapi? Kyela nzima ikayapenda. Nilimwambia, tata, mzee wangu, huyo mtwangaji ungepaswa kumshukuru."

"Akasema nini?"

"Hakusema. Alikohoa."

"Alikohoaje?"

Hezroni alimtazama, kamba mkononi. "Shemeji, kikohozi ni kikohozi."

Si kweli, lakini angemwelezaje? Kulikuwa na kikohozi cha tumbaku, na cha vumbi, na kulikuwa na kile cha kabla ya kona. "Na mashine ilipokuja," alijaribu tena, "kinu kiliponyamaza, alifurahi?"

Hezroni alitafakari kwa uaminifu wote. "Sikumbuki. Mwaka ule hatukupiga sana," alisema, akanyoosha bakuli aongezewe.

Miaka kumi alikuwa akitamani shahidi. Sasa amempata, na shahidi amekunywa mabakuli mawili ya uji na kumwachia fumbo limenenepa. Yeye alikuwa kero kwa mzee, au alikuwa mwenzake? Mzee alimsikia, hilo sasa halikuwa na shaka. Lakini mtu husikia pia mbwa wa jirani.

*

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa kufikia alasiri. Bango lilikuwa limetandazwa kati ya miti miwili iliyochimbiwa, limeipa kisogo ile safu ndefu ya milima ya Livingstone, na watu waliketi mbele yake jua likiwa migongoni mwao. Wazee waliolifahamu gitaa la Ambilikile walilitazama bango, wakatazamana. "Ndiye?" "Ndiye." "Mh." Restituta alipita huku na huku na simu mkononi, akihakikisha picha inaonekana na kwamba hakuna anayekaa nyuma isipokuwa yule anayepaswa kukaa nyuma.

Tusajigwe aliketi kwenye kigoda, mgongo kwa bango, uso kwa milima. Shangazi Naomi alikuwa amemfunika kitenge kipya mabegani kama anayempeleka tena kuolewa. "Mke wetu," alimnong'oneza, "usitutie aibu. Na ukitutia, itie kwa sauti nzuri." Kisha akaenda zake mbele, penye viti.

Hezroni aligonga, na Tusajigwe akaimba. Sauti yake haikuwa kubwa, ila ilikuwa na ukavu fulani wa mianzi uliowafanya watu waache kuzungumza. Waliitikia kwanza kwa adabu, kisha kwa furaha, kisha kwa mabega. Wimbo wa mavuno. Wimbo wa yule mwanamke aliyeuza ng'ombe wa mahari. Penye jina, wanafunzi walipiga kelele "Ambilikile!" na kila walipolitaja yeye aliinamisha kichwa, si kwa huzuni, kwa mazoea. Aliona ajabu kwamba jina lile, ambalo alikuwa amelizunguka maisha yake yote kama alivyouzunguka mfereji, lilikuwa likirushwa hewani na watoto waliokuwa hawajaanza hata shule mzee alipokufa, na hakuna aliyeungua.

Kisha Restituta akatangaza wimbo wa mwisho, ambao, alisema, hakuna aliyewahi kuusikia.

Ulianza taratibu. Watu waliupokea mstari kwa mstari, wakiuonja kama wanaonja mboga ya ugenini, na wakaupenda. Tusajigwe aliimba huku akikiona kile kipande kikimjia, kama mtu aliye njiani anavyoona kona. Alikuwa amejiambia kwamba akifika atajua. Alifika. Hakujua. Basi akatoa kile kilicholala juu zaidi, kile ambacho mkazamwana mwenye adabu angetoa:

Niliimba peke yangu, maisha yangu yote.

Na uwanja mzima ukarudisha. Wanafunzi, akina mama, wazee, Anyosisye kwa besi yake ya kwaya, ngoma ya Hezroni ikiwasukuma kutoka chini: Niliimba peke yangu, maisha yangu yote! Sauti iliugonga mlima ikarudi. Kuna mtu alicheka katikati, kisha wengine, kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha, umati wa watu ukiapa kwa pumzi moja kwamba kila mmoja wao yuko peke yake. Tusajigwe naye kicheko kilimpanda mpaka kooni. Hakuwahi kusikia uongo mtamu namna ile.

Basi akautoa na ule mwingine. Haukungoja ruhusa:

Sikuimba peke yangu, hata siku moja.

Akangoja.

Ngoma ilipiga mara mbili bila uhakika, ikaacha. Hakuna aliyerudisha. Walidhani mama amekosea. Maneno yale yaligombana na yale waliyoyaapia sasa hivi, na watu wenye adabu hawaitikii kosa la mkubwa. Mstari ukakaa pale hewani bila mtu wa kuupokea, na Tusajigwe akausikia jinsi ulivyo mfupi, na jinsi uwanja ulivyo mpana. Aliutambua ukimya ule. Ni yeye aliyewahi kuutoa, jioni baada ya jioni, mikono mapajani. Hakuwa amejua kwamba ukiwa upande huu unakuwa baridi kiasi hiki.

"Mama!" sauti ya mwanamke ilitoka mbele. "Tuitikie lipi?"

"La kwanza!" mtu alisema.

"La kwanza kalifuta. La pili ndilo."

"Amesahau, mwacheni mama wa watu."

"Hajasahau, ndivyo wimbo ulivyo."

"Wimbo gani unajibishana wenyewe?"

Ukingo wa bango ukasogea, na uso wa Restituta ukachungulia, jasho limemtoka. "Mama Wema," alinong'ona, "ni lipi? Nao wananiuliza mimi."

Tusajigwe alikivuta kitenge mabegani. Aliinuka, nyonga ikalia, akakigeuza kigoda kikaelekea upande wa pili, akaketi tena. Kisha akainua macho. Jua la alasiri lilikuwa limepenya plastiki yote, na uso mkubwa wa mwanamume ulikuwa umewaka mbele yake, kushoto kumekuwa kulia. Huenda ulikuwa wake. Huenda ulikuwa wake nusu. Alimtazama pua, akamtazama mashavu yote mawili, akamtazama mdomo uliofunguka kidogo juu ya meno ya kuazimwa, bila kuharakisha, kama mtu anayekusudia kukaa mpaka ajibiwe. Kwa upande huu wa bango haikuwezekana kujua kama macho yale yalikuwa yakiwatazama watu wa mbele, au yakimtazama yeye.

Mbele bado walikuwa wakibishana. Tusajigwe akavuta pumzi ya kuitikia.